Baridi Niliyojifunza Kitengela Kabla ya Uholanzi

Ninyi mnaonijia kila mara mtoto wa mtaa huu anapopata viza, mkiniita nyanya kwa Kikamba na kuniuliza, "Susu, abebe nini?", mtanisamehe kwa kuwa sitaanza na sanduku. Sanduku ni kazi ya jioni moja. Nitaanza na mwili, kwa sababu mwili ndio unaofika ugenini kwanza, na ndio ambao watu husahau kuuandaa.

Sikukaa darasani hata siku moja. Anayeandika ni mjukuu wangu Mwende, nami nimemwagiza aandike ninavyosema na asinipambe. Nilifanya kazi ya maua ya waridi kwa miaka kumi na minane, katika shamba moja upande wa Kitengela, njia ya kwenda Isinya. Nilifika hapo kutoka Machakos miaka ya tisini ilipokuwa ikianza, mjane mwenye watoto wanne, nikiwa sijawahi kuliona waridi ila kwenye kitambaa cha meza ya mchungaji.

Aliyenipokea kwenye meza ya kupangia maua alikuwa Mama Nafula, mwanamke wa Bungoma, mrefu, mwenye sauti ya chini na jicho lisilosamehe. Siku ya kwanza nilipewa ndoo nikaambiwa nipange. Nikapanga kwa uzuri: yaliyonipendeza huku, yasiyonipendeza kule. Alikuja akatazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba pale hatupangi uzuri, tunapanga urefu. Uzuri ni shauri la anayenunua. Akanionyesha ubao wa kupimia. Kwa kuwa sikujua kusoma namba, alinifundisha rangi zilizopakwa kwenye ubao: shina likifika mstari wa kijani linakwenda huku, likifika mwekundu linakwenda kule. Hadi leo nikiona fimbo nzuri naipima kwa macho nikitafuta mstari mwekundu.

Wiki ya pili nilitenda kosa kubwa zaidi. Upepo wa Kitengela mnaujua, na vumbi lake mnalijua. Niliona maua yana vumbi, nikaona aibu kwa niaba ya shamba, nikayaosha vichwa vyote, ndoo nzima, kama mtu anayeosha sufuria za harusi. Asubuhi yake yalikuwa na madoa ya kijivu, laini kama manyoya ya panya. Mama Nafula hakunipigia kelele. Alinipa ndoo ile nikaitupe mwenyewe kwenye shimo la mbolea, na niliporudi akasema, "Maji ni ya mguu wa ua. Kichwa kikilowa, umelizika." Kisha akanigawia nusu ya kiazi chake kitamu, kwa sababu aliona nilikuwa nimelia njiani.

Basi huyo ndiye aliyenifundisha kazi, na ndiye aliyekuja kunifundisha safari.

Kazi ilibadilika machoni petu. Tulipoanza, maua yalikatwa alfajiri, yakapangwa yakiwa na joto lake, yakafungwa, yakalazwa kivulini chini ya magunia yaliyoloweshwa. Miiba tuliing'oa kwa vidole. Kwenye kanisa letu ungemjua mfanyakazi wa maua kwa mikono yake alipoinua kuomba. Baadaye zikaja glavu. Kisha ukajengwa ukuta mnene mweupe, ikaletwa mashine inayonguruma, na tukaambiwa kwamba hicho ni chumba cha baridi. Tukajivunia sana. Maua yakawa yanakatwa, yanalazwa humo yapoe, yanatolewa mezani kwetu, tunayapanga na kuyafunga haraka kwenye maboksi, kisha yanarudishwa ndani kungoja lori la uwanja wa ndege.

Mwaka uliofuata maboksi yakaanza kukataliwa Uholanzi. Si yote, lakini leo kumi, kesho thelathini. Habari ilikuwa ile ile: ukungu wa kijivu katikati ya boksi. Meneja wetu, Bwana Koech, kijana mpole aliyesomea kilimo, alibadilisha dawa, akabadilisha karatasi, akabadilisha hata lori. Mwishowe alitukusanya, wanawake ishirini na wawili wa meza yetu, akatuambia bila kuficha: mnunuzi amechoka, na akiondoka, meza yetu itafungwa. Lakini mnunuzi huyo alikuwa mtu wa haki. Alikuwa ametaka aletewe mmoja wa wale wanaofunga kwa mikono, si wa makaratasi ya ofisini, aione njia ya ua hadi mwisho wake, aseme linaharibikia wapi.

Jicho la kila mtu lilimgeukia Mama Nafula. Yeye akatikisa kichwa. Kifua chake kilikuwa kibovu. Akipigwa na baridi dakika chache tu alikohoa hadi akashika ukuta. Daktari alikuwa amemkataza hata kuingia kwenye kile chumba chetu. Akasema, "Mtumeni Mama Mutua. Huyo hasahau kitu akishakikosea." Mama Mutua ni mimi. Wenzangu walicheka, nami sikujua kama nimesifiwa.

Tulikuwa na majuma saba. Mama Nafula aliwahi kuwa mfanyakazi wa nyumbani kwa Wazungu upande wa Ngong kwa miaka tisa, kwa hiyo alikuwa ndiye chuo chetu. Kila saa ya chakula aliniketisha kwenye boksi lililopinduliwa, akaweka sahani ya muthokoi mbele yangu na kunipa uma. Jaribuni siku moja kula mahindi na maharagwe kwa uma mbele ya wanawake ishirini wenye njaa ya kucheka. Punje zilikuwa zinaruka hadi kwenye gambuti zao. "Mpeni kijiko jamani, huyu atawatoa Wazungu macho," mmoja wao akasema. Mama Nafula akamwambia anyamaze, yeye mwenyewe hawezi kula samaki bila kuita majirani wamtoe mwiba kooni.

Alinifundisha kukoga ndani ya beseni kubwa la Wazungu la kujilaza, kwa maelezo tu, akichora ardhini kwa kijiti. Alinifundisha kwamba Mzungu akizungumza nawe umtazame usoni. Hilo lilinitesa. Kwetu, mwanamke mwenye adabu huinamisha macho mbele ya mgeni, hasa mwanamume anayeweza kuwa mkwe wake. Kwao, alisema, ukitazama chini wanadhani umeiba sabuni. Tulifanya mazoezi: yeye anasimama, mimi namtazama hadi ahesabu kumi. Nilifika sita, nikashindwa, tukaangua kicheko sote wawili.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa la baridi. Alimwomba Bwana Koech ruhusa, na kila siku kazi ilipokwisha niliingia kwenye chumba cha baridi kuuzoeza mwili. Juma la kwanza dakika tano, la pili kumi, hadi nikafika saa nzima. Alisema kwamba Uholanzi ni chumba hicho hicho, ila wamekijaza watu na baiskeli. Yeye hakuweza kuingia. Alisimama nje ya mlango, kwenye mapazia ya plastiki, akiwa na saa ya mkononi ya Bwana Koech, akinitazama kupitia plastiki kama mama anayemwangalia mtoto kupitia dirisha la wodi. Alinielekeza kwa sauti: tembea, usisimame, kunja vidole, kunjua, vuta pumzi kwa pua. Kisha nikitoka alinivika shuka lake la Kimasai lililokuwa limeanikwa juani kusudi liwe na joto.

Siku moja nilitoka na mkasi wangu, ambao nilikuwa nimeusahau kwenye rafu ya ndani tangu asubuhi. Tulipofika mezani chuma chote kilikuwa kimejaa matone. Mama Nafula akanikaripia: kwa nini naosha mkasi bila kuukausha, nataka ushike kutu? Nikaapa sijauosha. Akaupangusa kwa aproni yake, akanirudishia, tukaendelea kuzungumzia soksi. Wanawake wawili wenye ujuzi wa miaka mingi, na jibu limetulowesha mikono, nasi tunazungumzia soksi.

Tulisafiri Februari, mimi na Bwana Koech. Kuhusu uwanja wa ndege nina shauri moja kwa asiyejua kusoma: usifuate viatu. Mimi nilikuwa nimekariri viatu vya Bwana Koech, vya rangi ya kahawia, vyenye kisigino kilicholika upande mmoja. Nikavifuata kwa uaminifu, kichwa chini, nikipita watu kama mbuzi sokoni, hadi nikainua macho nikajikuta katika choo cha wanaume, na mwenye viatu ni mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe ambaye aliogopa kuliko mimi. Fuateni uso, watoto wangu. Viatu ni vya watu wengi.

Baridi haikunishinda. Hilo naliandikisha kwa heshima ya mwalimu wangu. Bwana Koech alitetemeka kama kifaranga, mimi nikatembea, nikakunja vidole, nikakunjua, nikavuta pumzi kwa pua. Kilichonishinda kilikuwa kitu ambacho hakuna aliyenifundisha.

Tulifikia kwa mama mmoja mjane, Bibi Hanneke, aliyefanya kazi kwa mnunuzi. Nyumba safi, madirisha makubwa yasiyo na pazia. Aliandaa chakula, akaniuliza kupitia kwa Bwana Koech kama ningependa. Sasa kwetu mgeni haulizwi. Chakula huletwa, naye hujivuta kidogo, akabembelezwa, akala. Nikajibu kwa adabu, hapana, nimeshiba. Bibi Hanneke akatabasamu, akaiondoa sahani. Nikangoja abembeleze. Akaketi akala chake. Asubuhi ikawa vivyo hivyo, kwa mkate na jibini. Mchana kwenye ofisi nikapewa kahawa na biskuti moja, kisha kopo likafunikwa. Jioni ya siku ya pili nilipokataa tena kwa adabu, tumbo langu lilitoa sauti ambayo haikuhitaji mkalimani.

Bwana Koech akaweka uma chini. "Mama, hapa ukisema hapana, wanakuamini."

Nikamtazama Bibi Hanneke usoni, hadi kumi, nikasema kwa Kiingereza changu chote, "Yes." Alinipakulia mara tatu.

Usiku huo, nikiwa nimeshiba, nilielewa kwa nini Mama Nafula hakunionya. Alikaa miaka tisa katika nyumba ya Wazungu, akajua vijiko vyao vyote na majina ya sabuni zao. Lakini alikuwa upande wa jikoni. Hakuna aliyewahi kumwuliza kama angependa kula. Ninyi mtakapoulizia habari za nchi, mwulizeni mtu alikuwa ameketi wapi alipoiona. Si kwamba anadanganya. Anawaambia kile ambacho kiti chake kilimwonyesha.

Siku ya tatu tulipelekwa kwenye ghala, kubwa kiasi cha kumeza kanisa letu, shule na soko la Kitengela pamoja. Wakafungua maboksi yetu mbele yangu. Nikaingiza mkono taratibu. Karatasi ya ndani ilikuwa imelegea kama ugali wa maji. Maua ya pembeni, penye matundu ya hewa, yalikuwa mazima. Ya katikati yalikuwa na manyoya ya panya. Wakaniuliza kama ninaona kitu, nikasema bado natazama, na wakati huo lilikuwa neno la kweli.

Kisha tukaenda ofisini kunywa kahawa. Bwana Koech alikuwa amebeba fungu moja zima kutoka kwenye ghala lile la baridi, akaliweka mezani karibu na kifaa cha kupashia chumba joto. Wao wakazungumza. Mimi, kwa kuwa sikuelewa maneno, nilitazama maua. Polepole, kwenye kila jani la ua, kikatokea kitone, na kingine, hadi vichwa vyote vikawa vimelowa kana kwamba kuna mtu aliyeviosha. Hakuna aliyekuwa amevigusa.

Nikauona mkasi wangu. Nikaiona meza yetu, tunavyoyatoa maua kwenye baridi, yanatoka jasho mikononi mwetu, nasi tunayafunga haraka, tukijisifu kwa wepesi, na kuyafunikia maji yake ndani. Hakukuwa na dawa ya kubadilisha. Ilikuwa ni lazima meza zihamie ndani ya chumba cha baridi, na mikono yetu pamoja nazo, tangu asubuhi hadi jioni.

Na papo hapo nikamwona Mama Nafula amesimama nje ya pazia la plastiki.

Bwana Koech akanigeukia akauliza, "Mama, umeona nini?"

Nikasema bado natazama. Hilo halikuwa neno la kweli. Nililirudia kesho yake, na nikalirudia ndani ya ndege. Nikisema, wanawake ishirini na mmoja wanabaki kazini, na aliyesema nitumwe huko anakosa pa kusimama. Nisiposema, tunatoka sote. Hesabu hiyo hata asiyesoma anaiweza, lakini niliibeba kwa siku tatu nikitumaini itatoka jibu lingine.

Tulifika Jumapili. Sikwenda kwangu. Nilikwenda kwake, chumba kimoja cha mabati nyuma ya soko, nikiwa bado nimevaa soksi mbili mbili. Alinikalisha, akapika chai, akaniuliza kwanza kama nilikula. Nikamsimulia habari za Bibi Hanneke na sahani. Alicheka hadi kikohozi kikamshika, nikamsugua mgongo, na mkono wangu ukiwa bado pale mgongoni nikamwambia mengine. Nilimwambia habari za fungu lililotoka jasho. Sikumalizia. Alikuwa amenifundisha mwenyewe kwamba kichwa kikilowa umelizika, na yaliyobaki akayamalizia mwenyewe.

Alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Koech anajua?"

"Bado."

"Umekaa nayo siku ngapi?"

"Tatu."

"Mjinga wewe," alisema, kwa upole ambao sijausikia tena kwa mtu yeyote. "Maboksi ya siku tatu yameoza bure."

Nikaanza kusema kwamba tungetafuta njia, labda azungumze na daktari, labda abaki kwenye miiba nje. Alinikatiza. Alisema kazi ya miiba sasa ilikuwa na mashine, nami najua hivyo. Kisha akaniagiza nioge, nilale, nimpitie asubuhi.

Asubuhi tuliingia ofisini kwa Bwana Koech pamoja. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu usiku kucha. Nikafungua kinywa, lakini aliyesema alikuwa yeye. Alisimama mbele yangu kidogo, kama anayenikinga na upepo, akamweleza kila kitu: jasho la maua, mkasi, wepesi wetu. Akasema meza ziingie ndani, wiki hii hii. Alisema hivyo kusudi isije siku mtu yeyote, nami nikiwemo, akasema kwamba Mama Mutua alimtoa Mama Nafula.

Bwana Koech aliufahamu ule upande mwingine upesi. Aliweka kalamu chini. "Na wewe, Mama Nafula?"

"Hilo bado," akamjibu. "Niulize kwanza kama hawa wasichana wako na makoti."

Hawakuwa nayo. Basi akaketi, bila kualikwa, akadai makoti mazito yenye kofia, glavu za sufu chini ya zile za mpira, uji wa moto kila baada ya saa mbili, na kwamba kila mtu atoke nje apate jua kabla vidole havijakufa ganzi. Koech aliandika. Alipofika kwenye vipimo vya makoti, Mama Nafula alivitoa vyote kwa kichwa, mwanamke mmoja mmoja, nani mpana wa mabega, nani mfupi wa mikono, nani ana mimba na bado hajasema. Hakuna mtu aliyemjua kila mmoja wetu hivyo. Alinitaja mimi wa mwisho, na baada yangu hakumtaja mtu.

Ninyi mnaofungasha sasa, nimewapa ya mwili, ya macho, ya viatu na ya sahani. La mwisho ni hili: mwende mkijua kwamba mtakaloliona huko huenda likamwangukia yule aliyewaandaa kwa upendo, na bado mtatakiwa kulileta nyumbani. Mlilete kwake kwanza. Msimruke mkaenda ofisini.

Makoti yalifika Alhamisi, ya buluu, yananuka mpira mpya. Meza zilikuwa tayari ndani na mashine inanguruma. Mama Nafula alisimama mlangoni na kuyagawa mwenyewe, koti moja kwa kila aliyeingia, bila kukosea kipimo hata kimoja. Nilipofika, alinivika, akanifunga vifungo kuanzia chini hadi shingoni, akanipandishia kofia, akanirekebisha ukosi. Kisha mikono yake ikawa haina kitu, kwa kuwa makoti yalikuwa yamekwisha. Akaniambia niingie, maua yananingoja.

Nikaingia.